Bunduki ya .50 BMG: kweli inafaa kumiliki au ni mzigo? Tupeane uzoefu

Mlenga Mbali
Wakuu, salaam. Kuna mzee wa klabu yetu anapunguza silaha zake. Bega limechoka na daktari amemkataza kelele. Ameniambia ile .50 BMG yake (kaliba ya nusu inchi, yaani 12.7 mm), ya bolti, yaani komeo la kuvuta kwa mkono, ya kupakia risasi moja moja, hataitangaza kwa watu mpaka nimpe jibu. Kibali changu kinaniruhusu, nimelihakikisha hilo kwa maandishi, kwa hiyo tusipotezee muda huko.

Ninayo bunduki ya kaliba ndogo zaidi, .308, na nimeizoea hadi mita 800. Hii kubwa nimeitamani miaka mingi. Lakini nikikaa peke yangu najiuliza: nitaipigia wapi, nitailisha nini, na baada ya mwaka itakuwa inatoka kabatini au imegeuka pambo? Mliowahi kumiliki, mliouza, mliokataa kununua, mwageni yote. Ya kwenye video nimeshayaona, nataka mliyoyaona kwa macho yenu.

Nyundo Nzito
Nunua. Ukikataa utaijutia mpaka uzeeni.

Kipanga
Mimi niliwahi kupewa nafasi kama yako nikakataa. Sikuogopa kelele wala gharama. Mkuu, kabla hujaikagua bunduki, kakague ardhi. Risasi ya kawaida ya 12.7 mm ikirushwa kwa pembe ya juu inaweza kwenda karibu mita 6,700 kabla haijatua. Katikati ya hapo kuna watu usiowajua, na hawajui kwamba leo unalenga shabaha. Ndiyo maana klabu nyingi zinaikataa getini, ama kwa sababu tuta la nyuma la kuzuia risasi halitoshi, ama kwa sababu inatoboa vibao vya chuma ambavyo .308 inavigonga miaka na miaka. Nenda kaulize uwanja wako, wakujibu kwa maandishi. Wakisema hapana, basi huna haja ya kusoma majibu yetu mengine.

Nyundo Nzito
Kipanga kila uzi kazi yako kukatisha watu tamaa.

Kipanga
Jibu la ardhi analo? Hilo ndilo nimeuliza.

Dada Upepo
Mimi ninayo na siiuzi, kwa hiyo msikilizeni na mtu wa upande huu.

Wengi wanaogopa teke la bunduki begani. Bunduki yangu ikiwa na darubini na miguu yake inazidi kilo 13, na mdomoni ina breki kubwa yenye matundu yanayorudisha gesi nyuma na pembeni. Begani haipigi, inasukuma, kama mtu mwenye haraka anayekupita mlangoni. Kuna bunduki nyepesi za kuwindia zimeniumiza kuliko hii.

Kinachochosha ni ile hewa. Gesi yote inayorudishwa na breki inakuja usoni kwako na kwa yeyote aliyelala kushoto au kulia kwako. Ukipiga juu ya udongo mkavu vumbi linapanda hadi kibao hukioni, na mwenzako wa darubini ya kuangalizia anabaki anafikicha macho. Mimi natandika turubai na kulimwagia maji, na ardhi iliyo mbele ya mtutu nailowesha pia. Masikioni naweka viziba vya sponji ndani, juu yake vifuniko. Vyote viwili, kwa kila risasi, na kwa kila mtu aliye karibu. Sauti yake inapita desibeli 160, hiyo siyo ya kujaribia masikio.

Sasa nikwambie kwa nini siiuzi. Chukua mita 1,600, asubuhi, jua liko mgongoni. Unatoa pumzi, unavuta. Bunduki inakusukuma, inatulia, unakipata tena kibao kwenye darubini, na risasi bado iko njiani! Inachukua zaidi ya sekunde mbili na nusu kufika. Hali ya hewa ikiwa nzuri unauona ule mkunjo wa hewa unaoachwa na risasi ukipanda juu kabisa ya kibao, halafu unashuka, upepo unauvuta kulia, na ghafla doa la kijivu linatokea kwenye rangi nyeupe. Kimya. Ule mlio wa chuma unakurudia karibu sekunde tano baadaye. Risasi hiyo imeshuka zaidi ya mita 20 njiani na wewe ndiye uliyepiga hesabu ya kila mita. Sijaona mchezo mwingine unaonipa kitu kama hicho.

Kwa hiyo kaka, kama una mahali pa kuipigia, inafaa. Kama huna, Kipanga yuko sahihi.

Mdadisi
Dada umenifanya nitake yangu.

Tai wa Jangwa
Dada Upepo, nakuheshimu sana, ila yote uliyoyaeleza kaliba ya kati, .338 Lapua Magnum, inayafanya kwenye mita hizo hizo 1,600, tena kwa bunduki unayoweza kuibeba mwenyewe ukapanda nayo kilima bila kuita vijana. Tuongee namba. Risasi ya .308 inakula kama gramu 3 za baruti. Ya .338 kama gramu 6. Ya .50 kama gramu 15. Nguvu inayotoka mdomoni ni juli 3,500 kwa ya kwanza, 6,500 hivi kwa ya pili, na 17,000 hadi 20,000 kwa ya tatu. Mlenga Mbali, kibao cha chuma hakina injini ya kuvunja. Juli 20,000 unazipeleka wapi?

Dada Upepo
Nazipeleka kwenye upepo, Tai. Kichwa cha risasi cha gramu 48 hakisukumwi ovyo.

Tai wa Jangwa
Uzito peke yake hausaidii, umbo ndilo linalosaidia. Ukinunua risasi za masalio ya jeshi, zile za bunduki rashasha, unapata kundi la matundu lenye upana wa kibao kizima kwenye mita 900. Zile ziliundwa zitawanyike kidogo juu ya gari au ukuta, hazikuundwa kwa ajili ya shabaha. Ili hiyo .50 ilenge sawasawa na .338 lazima upate risasi za mashindano au ujaze mwenyewe. Watu wanaambiwa bei ya bunduki, hawaambiwi hili.

Dada Upepo
Hapo kwenye risasi za masalio sina ubishi na wewe.

Mzee wa Kambi
Vijana, kwanza jueni mnabishania nini. Hii risasi haikuzaliwa kwa ajili ya mtu mmoja kulala na bunduki. John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, aliifanyia kazi mwaka 1918 kwa sababu Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani kule Ulaya, alitaka rashasha ya kupambana na ndege na magari ya vita. Kwa miaka zaidi ya sitini ilikuwa ya rashasha. Mwaka 1982 ndipo Ronnie Barrett, mpiga picha wa Tennessee wala siyo mhandisi, alipokaa akabuni bunduki ya begani inayojipakia yenyewe. Wasweden wakainunua mwaka 1989, kikosi cha Marines cha Marekani mwaka 1990.

Na kazi yake jeshini ni vitu: rada, injini, tangi la mafuta, bomu lisilolipuka ambalo hutaki kulisogelea. Mimi nimelala nyuma yake kwa kazi hiyo ya mwisho. Unaiona ile chuma iliyokaa ardhini, unajua ndani yake kuna nini, na unashukuru kwamba kati yako na yenyewe kuna mamia ya mita. Hapo inafaa kila gramu yake. Ila kuibeba! Mmoja anabeba bunduki, mwingine risasi. Risasi moja ina urefu wa sentimita karibu 14 na uzito wa gramu kama 115. Kumi tu tayari zimezidi kilo. Ukifika unakotaka kulenga mikono inatetemeka, na bila kupumzika hupigi kitu.

Kijana, kama unaweza kufika na gari mpaka mahali pa kulalia, fikiria. Kama ni pa kupanda kwa miguu, mwachie mwingine.

Nyundo Nzito
Mzee, rekodi zote za dunia za kudungua ni za .50. Hilo nalo uliseme.

Tai wa Jangwa
Siyo zote. Craig Harrison wa Uingereza mwaka 2009, mita 2,475, alitumia .338 Lapua.

Nyundo Nzito
Na Wakanada mwaka 2017 kule Iraq, mita 3,540, kwa TAC-50. Hiyo ni .50. Na Mmarekani Hathcock kule Vietnam 1967, mita kama 2,286, .50. Na Mkanada Rob Furlong kule Afghanistan 2002, mita 2,430, .50.

Tai wa Jangwa
Hathcock alifunga darubini kwenye rashasha ya Browning M2 iliyokaa juu ya miguu mitatu. Hiyo unaiweka kwenye hesabu ya bunduki ya begani? Na mwaka 2023 Waukraine wametangaza mita 3,800 kwa bunduki yao wenyewe, inayotumia ganda la 14.5 lililobanwa likabeba kichwa cha 12.7. Siyo .50 BMG.

Nyundo Nzito
Kichwa ni 12.7. Nimeshinda.

Kipanga
Mlenga Mbali kauliza kama anunue. Hajauliza nani anashikilia rekodi ya kuua.

Kimya Kingi
Nimekuwa nasoma tu. Mzee wa Kambi alipotaja gramu za risasi nikakumbuka kitu ambacho sijawahi kukiandika, ngoja nikiandike.

Rafiki yangu alikuwa na .50 ya bolti. Mtu makini, anafuta bunduki yake kila jioni hata kama hakuipiga. Siku hiyo tulikuwa wanne. Mtu mmoja aliyefahamiana naye juu juu alikuwa amemletea mfuko wa risasi zisizo na boksi. Zilichanganyika. Nyingine ncha zake zilikuwa na rangi, nyingine hazina. Maganda mengine yaling'aa, mengine yalikuwa na madoa ya kijani karibu na shingo. Yule mtu alisema ni masalio mazuri ya jeshi.

Alianza na zile zake za boksi. Vizuri kabisa. Akahamia kwenye mfuko. Ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda lakini bolti ikawa nzito, akaigonga kwa kiganja ndipo ikafunguka. Nilikuwa upande wake wa kulia na nyuma kidogo, naangalia kupitia darubini. Nikamsikia anasema, "hii imeng'ang'ania." Akaweka nyingine.

Mlio ulikuwa tofauti. Siwezi kuueleza vizuri, ulikuwa mfupi na ulikuja kwetu badala ya kwenda mbele. Sikuona vumbi mbele. Niliona moshi unatoka pale pasipotakiwa kutoka moshi, pembeni ya bolti. Yeye alikuwa amekaa. Hakulala tena, amekaa, mikono imeshika hewa, uso wote mweusi kuanzia paji hadi kidevuni isipokuwa duara mbili za miwani. Miwani ile ilikuwa na shimo dogo kwenye kioo cha kulia lililoishia katikati ya kioo, halikutokea ndani. Shavuni damu ilikuwa inachuruzika kwa mstari mwembamba, halafu kwa mstari mnene.

Alikuwa ananiuliza, "bunduki iko salama?" Anaiulizia bunduki!

Mmoja wetu alimbana shavu na shingo kwa kitambaa, mwingine akawasha gari. Mimi nilibaki na bunduki kwa sababu ilikuwa na risasi au haina, hatukujua, na bolti haikufunguka. Nilikaa kando yake nisiiguse mpaka fundi akaja. Fundi alipoifungua, kitako cha ganda kilikuwa kimetapakaa kama nta ndani ya uso wa bolti, kiwashio, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, hakipo, na ubavu wa ganda umechanika.

Mdadisi
Jicho lilipona??

Bibi Baruti
Mungu wangu.

Nyundo Nzito
Bunduki ilikuwa ya kampuni gani?

Kimya Kingi
Jicho lipo, anaona. Kampuni siitaji. Fundi alisema bunduki ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu ilikuwa na njia ya kutolea gesi pembeni na bolti haikuruka.

Fundi Mtutu
Hapo ndipo penyewe. Mimi kazi yangu ni mitutu. Baruti ikioza au ikikaa kwenye joto la stoo kwa miaka inabadilika. Ganda likiliwa na kutu ya kijani linapungua nguvu. Ukiunganisha hivyo viwili kwenye chemba ya gramu 15 za baruti, si mchezo. Na ile bolti iliyokuwa nzito kwenye risasi ya pili ilikuwa inasema. Bolti ikiwa nzito ghafla, unasimama. Huweki nyingine. Unatoa, unaangalia kitako cha ganda, unaangalia kiwashio kama kimebapwa au kimetoboka, na siku hiyo umemaliza.

Bibi Baruti
Mnakumbuka yule mtengeneza video wa Marekani, Aprili 2021? Bunduki yake ya .50 ililipuka akiwa anarekodi, kipande kikamkata mshipa wa shingo. Aliziba kwa kidole gumba, baba yake akamkimbiza. Yeye mwenyewe alishuku risasi ya zamani ya kutoboa chuma. Tangu siku ile mume wangu alizitoa nyumbani risasi zote asizozijua zilikotoka.

Nyundo Nzito
Ile bunduki nyuma yake inafungwa kwa kofia ya kuzungusha, siyo ya bolti. Usifananishe.

Bibi Baruti
Nafananisha risasi, mwanangu. Bunduki sijaitaja.

Mdadisi
Kimya Kingi, huyo rafiki anapiga tena?

Kimya Kingi
Anapiga. Ile bunduki ndogo ya .22 tu. Anapiga mita 200 kwa .22 na anasoma upepo kuliko sisi wote.

Tai wa Jangwa
Na hapo, Mlenga Mbali, jibu lako limeandikwa. .22 kwenye mita 200 inayumbishwa na upepo kiasi kwamba utajifunza mambo yote unayotaka kujifunzia kwenye .50, na utapiga mchana kutwa bila kuumwa kichwa.

Dada Upepo
Hilo la kuumwa kichwa tusilipite. Mkipiga mfululizo, hata masikio yakiwa salama, ile hewa inayopiga uso na kifua inachosha ubongo. Mimi nisipojizuia nafika nyumbani kichwa kizito, sitaki hata redio. Agosti 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo wa kulinda ubongo dhidi ya mawimbi ya mlipuko, na silaha za kaliba .50 zimo kwenye orodha yao. Wao wana madaktari wao na wanapunguza. Mimi napiga chache, natulia, napiga chache tena. Na siweki breki ya mtutu chini ya paa la bati wala kati ya kuta mbili, mshindo unarudi wote.

Mzee wa Kambi
Binti anasema kweli. Sisi tulidhani ni uchovu wa jua.

Msaka Nyayo
Niingie na mimi. Mwenye wazo la kuinunua ili akawindie, tafadhali aliache. Nimeona mtu anauliza hilo mahali kwingine na moyo ukaniuma. Mita 1,200, mnyama anatafuna majani. Risasi inachukua karibu sekunde mbili njiani. Mnyama akipiga hatua moja tu, umempiga tumboni au mguuni, na uko mbali kiasi kwamba ukifika pale ameshaingia porini na maumivu yake. Wakubwa wa zamani waliotaka nguvu walikuwa na risasi za kuwindia wanyama wakubwa, .416 Rigby tangu 1911, .375 H&H tangu 1912, na walisogea karibu. Kusogea ndiko kuwinda.

Nyundo Nzito
Kwani kuna aliyesema kuwinda?

Msaka Nyayo
Wewe, kwenye uzi wa mwezi uliopita. Ninao bado.

Nyundo Nzito
Nilisema nguruwe pori. Mita 400.

Msaka Nyayo
Juli 20,000 kwa nguruwe wa mita 400? Utakula nini kitakachobaki? Na risasi ikishampita inaenda wapi?

Kipanga
Asante, Msaka.

Mwanasheria wa Kijiji
Niongeze la sheria, na sisemi nchi ya mtu. Usidhani kibali cha bunduki kinabeba kila kaliba. Nchi nyingi hazimruhusu raia kabisa. Hata Marekani wanakoisifia, sheria ya 1968 iliweka mstari kwenye kipenyo cha nusu inchi; kinachozidi hapo kwa kawaida kinahesabiwa kifaa cha maangamizi, ila za kuwindia zina msamaha wake. California wameipiga marufuku .50 BMG yenyewe tangu 2005. Mlenga Mbali kahakikisha kwa maandishi, vizuri. Ahakikishe pia risasi, maana kuna mahali bunduki inaruhusiwa na risasi za kutoboa chuma au za kuwasha moto ni kosa kuwa nazo hata moja.

Mdadisi
Utazijuaje?

Fundi Mtutu
Kwa risasi za jeshi la Marekani, ncha nyeusi ni ya kutoboa chuma. Bluu ni ya kuwasha moto. Ya rangi ya fedha inatoboa na kuwasha. Nyekundu au kahawia tegemea ile inayoacha mwanga njiani, na hiyo kwenye nyasi kavu inawasha uwanja mzima. Mataifa mengine wana rangi zao. Isiyo na boksi usiibahatishe, ikabidhi kwa wahusika. Na usipige chuma kigumu kwa karibu hata kwa risasi ya kawaida. Kipande cha 12.7 kikidunda kinarudi na nguvu ya kuua. Kuna video maarufu ya mmoja aliyerudiwa na kipande kikang'oa kifuniko cha sikio. Aliondoka mzima, lakini wewe usikitegemee hicho.

Mlenga Mbali
Wakuu, sikutegemea mwitikio huu. Kimya Kingi, pole sana, nimeisoma mara mbili. Nijibu yaliyoulizwa. Klabu yetu ni mita 800 na wamesema hapana. Ila huyo mzee anapigia kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa, mwenye eneo ni ndugu yake, mita 1,400 na ukuta wa mwamba nyuma. Gari linafika. Risasi anajaza mwenyewe, hajawahi kugusa masalio. Ninachohofia ni kwamba mzee akiondoka, ruhusa ya machimbo itaondoka naye.

Dada Upepo
Hofu yako ndiyo yenyewe. Kaongee na mwenye machimbo kabla ya kuongea bei.

Fundi Mtutu
Na ukuta wa mwamba siyo tuta. Mwamba unadundisha. Uliza kama wameweka udongo mbele yake na una kina gani.

Tai wa Jangwa
Mita 1,400! Hiyo ni nyumbani kwa .338 kabisa. Hata 6.5 Creedmoor, ndogo kuliko .308 yako, inafika ikikazwa.

Dada Upepo
Inafika imechoka, Tai.

Tai wa Jangwa
Kibao kinalia vilevile.

Bibi Baruti
Mwanangu, mwombe mzee muende wote upige zake kwanza. Piga mpaka hamu ya mwanzo iishe. Ukirudi nyumbani na bado unaiwaza kesho yake, ndipo ujue.

Nyundo Nzito
Hamu ya .50 haiishi. Nunua.

Fundi Mtutu
Ukienda kuikagua: mwombe atoe bolti, angalia masikio yake, yale meno yanayoifunga, kama yamechubuka upande mmoja. Ingiza taa chemba, pale risasi inapokaa, angalia mwanzo wa mifereji ya ndani ya mtutu kama umeungua na kupasuka mithili ya ardhi ya kiangazi. Breki ya mdomoni ishike kwa mkono, isicheze hata kidogo. Ikilegea risasi inaigusa ikitoka. Skrubu za darubini zikague zote, na uliza darubini ni ya ngapi. Breki hiyo inaivuta bunduki mbele baada ya kurudi nyuma, na darubini isiyotengenezwa kwa hilo inakufa ndani bila kuonyesha kwa nje. Halafu muulize kama anauza na mashine yake ya kujazia. Mashine ya kawaida ya .308 yako haitaingiza kalibu za kuundia maganda ya .50, ni kubwa mno, na bila mashine hiyo utakuwa na bunduki unayoipigia harusi tu.

Mlenga Mbali
Mashine anaitoa pamoja na maganda. Nimempigia sasa hivi. Jumamosi tunakwenda machimbo, ndugu yake atakuwepo nimwulize la ruhusa uso kwa uso. Akisema ruhusa ni ya mzee peke yake, naiacha na nitatafuta .338. Akisema niendelee, nitarudi hapa na alichosema Fundi kimoja kimoja.

Mzee wa Kambi
Umepanga vizuri. Beba maji mengi, na turubai.

Kimya Kingi
Na miwani. Siyo ya jua. Ile ya kazi.

Nyundo Nzito
Ukiiacha, mzee aniandikie mimi.

Kipanga
Wewe uwanja unao?

Nyundo Nzito
Nina kilima.

Kipanga
Nyuma ya kilima kuna nini?

Nyundo Nzito
Barabara, lakini haipitwi sana.

Kipanga
Basi uwanja huna.